Kreti ya Njano na Vitunguu vya Jikoni

Siku masanduku ya mashine yalipofunguliwa ghalani, tuliokuwepo ni hawa. Mimi, Emiliana Tluway, msimamizi wa meza ya kwanza. Wifi yangu Magdalena Baha, mke wa kaka yangu, wa meza ya pili. Nasieku, mzaliwa wa Ololosokwan, aliyekuja Karatu kumfuata mumewe, mlinzi kwenye lodge ya watalii. Mimi ni mama wa ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Bwana Sulle mwenye ghala, mtoto wa marehemu Theresia, na Theresia ndiye aliyenifundisha kazi. Na Injinia Upendo, aliyekuja na mashine kutoka Arusha, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale mpaka alipokula kwangu. Wanawake wengine wa meza walikuwa ishirini. Majina yao yote ninayo, ila nikiyaandika yote mtafunga daftari kabla sijafika kwenye mashine.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini sasa, mnaoikuta mashine inachagua vitunguu kana kwamba ilizaliwa inajua. Haikuzaliwa inajua. Ilifundishwa, na mwanzoni ilifundishwa vibaya, na waliofundisha vibaya ni sisi.

Nilianza kazi hii nikiwa na watoto wawili na darasa la nne. Nilitoka Baray, ambako baba alilima vitunguu kwa maji ya mfereji, kwa hiyo nilifika nikijiona mjuzi. Theresia alinimwagia gunia zima mezani. Nikachambua mpaka mgongo ukauma. Akaja, akatazama marundo yangu mawili, akayachanganya tena kwa mikono yake miwili kama mtu anayechanganya makande.

"Umechagua kwa macho," akasema. "Sasa chagua kwa dole gumba."

Kwa Theresia kitunguu kilikuwa na koti, shingo na kitako. Alisema koti hudanganya, shingo haidanganyi. Bonyeza shingo: ikibonyea, ndani kumeanza kuoza, hata kama nje kinang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Alisema pia utikise tenga kabla ya kuhukumu, ili makoti yaliyolegea yatoke. Mambo hayo mawili yawekeni kichwani, yatarudi.

La tatu alilonifundisha halikuwa kwenye kanuni za ghala. Kuna kitunguu ambacho si kibovu, na wala si cha safari. Ni pacha wawili ndani ya koti moja, au kimepasuka kitako, au kimeguswa na jembe. Ukikisafirisha kitaozea njiani na kuambukiza gunia zima. Ukikipika leo, ni kitamu kuliko wenzake. Theresia alikiita cha jikoni. Alikisukuma chini ya meza, pembeni ya mguu wake wa kushoto, na Jumamosi kila mwanamke alifunga vyake kwenye kanga akaenda navyo nyumbani. Karatasi ya meza ilikuwa na sehemu mbili tu, vya safari na vya kutupa, hivyo vya jikoni vikaandikwa pamoja na vya kutupa. Hakuna aliyeuliza. Theresia alipofariki nikakaa kwenye kiti chake, nami nikawafundisha wengine hivyo hivyo. Mguu wa kushoto.

Mambo ya vyeo nayaruka. Vilikuja, nikavipokea, vitunguu havikujua tofauti.

Miaka ikaenda. Malori kutoka bonde la Eyasi yakaongezeka mpaka meza zetu zikawa hazimalizi mzigo. Mnunuzi mkubwa, Bwana Rashidi, anayepeleka mzigo Mombasa, akasema hatachukua tena vitunguu vilivyochaguliwa leo na mkono huu, kesho na mkono ule; anataka vinavyolingana, na anataka kwa wakati. Bwana Sulle akaagiza mashine kwa majaribio. Akatukusanya na kutuambia wazi: ikifaa, ghala linabaki na sisi tunabaki nayo. Isipofaa inarudi, vitunguu vitapelekwa kuchambuliwa Arusha, na hapa patafungwa.

Basi masanduku yakafunguliwa. Ndani mlikuwa na mkanda mrefu wa mpira, kamera moja ndani ya kibanda cheusi chenye taa, na mkono wa chuma wenye viungo sita, umefungwa sakafuni kwa boliti. Upendo alikuwa na buti kubwa na penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hili dude linakula nini?"

"Umeme na upepo tu, bibi."

"Basi lina nafuu kuliko Magdalena."

"Nimesikia, wifi," Magdalena akasema kutoka meza ya pili. "Na leo nakula kwako."

Kitu cha kwanza Upendo alichonifundisha ni kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Ukiona usichokielewa, bonyeza, halafu ndipo uulize. Cha pili ni kwamba mkono una nyumbani. Umeme ukikatika, na kwetu mnajua unavyokatika, mkono husahau ulipo. Ukiurudisha kazini bila kuupeleka nyumbani kwanza, utanyoosha kidole mahali ambapo hapana kitu na kugonga ambapo pana kitu. Kwa hiyo kila asubuhi, na kila umeme unaporudi, unaupeleka nyumbani: unajikunja taratibu, unagusa alama zake, unatulia. Mimi nilielewa haraka. Nami asubuhi siwezi kazi mpaka nimegusa jiko langu.

Siku ya kwanza ya kuchagua tulisimama wote kutazama. Kitunguu kikaja juu ya mkanda, kikapita chini ya kamera. Mkono ukashuka, kikombe chake cha mpira kikanyonya, ukapanda kwa madaha, ukageuka, ukaweka kwenye kreti koti tupu. Kitunguu kilibaki mkandani, uchi.

"Jamani!" Magdalena akapiga kelele. "Kimemvua mwenzie mchana kweupe!"

Upendo akaongeza nguvu ya kunyonya. Yakatoka makoti mengi zaidi, tena kwa kasi. Mpaka chakula cha mchana tulikuwa na kreti mbili za nguo na mkanda wa vitunguu vinavyoona baridi. Nikamwambia maneno ya Theresia, kwamba tenga hutikiswa kabla ya kuhukumu. Alinitazama kidogo, akachukua penseli. Kesho yake alifunga brashi na feni mwanzoni mwa mkanda, makoti yaliyolegea yatoke kabla ya kamera, na kile kikombe akakibadilisha kwa vidole vitatu vya mpira laini. Tangu siku hiyo mkono hushika kama anavyoshika mtu.

Kesi ya pili ilikuwa ya asubuhi. Mnajua ukungu wa Karatu na baridi yake. Kila siku mpaka saa nne mkono ulikuwa unamkosa mbaya na kumkamata jirani yake mwema. Saa nne ikipita, unatulia, haukosei. Upendo alitafuta kosa ndani ya kompyuta siku mbili. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikitazama mkanda, kwa sababu sijui kusoma kompyuta lakini kutazama najua. Nikachora mistari ya chaki, mmoja juu ya mkanda na mmoja kwenye rola inayouvuta, ikitazamana. Asubuhi ile, baada ya mizunguko michache, mistari ikawa haikutani tena. Rola ilizunguka, mkanda ukabaki nyuma kidogo.

"Upendo, njoo. Mpira una baridi, unateleza."

Akachuchumaa. Akatazama chaki muda mrefu.

"Mimi nahesabu mizunguko ya mota," akasema polepole. "Mota inasema kitunguu kimefika hapa, kumbe kitunguu bado kiko pale."

"Unamuuliza ng'ombe jembe limefika wapi. Liulize jembe."

Akatoa kile kigurudumu cha kuhesabu kwenye mota, akakifunga kiguse mkanda wenyewe. Jirani mwema hakukamatwa tena. Chaki ile ninayo mpaka leo, imebaki kipande kama jino.

Sasa nifike kwenye aibu.

Kamera haijui kitunguu. Inajua picha. Upendo alitukalisha mbele ya skrini, picha moja baada ya nyingine, na vitufe viwili: kijani ni kizuri, chekundu ni kibaya. Kwa siku tatu tulibonyeza, wanawake wa meza zote, kwa zamu. Tulijivuna kama walimu. Upendo akazikusanya picha, akailisha mashine, mashine ikajifunza.

Ikaanza kutupa vitunguu kwa mamia. Tena vinono. Kreti ya kutupa ilijaa haraka kuliko ya safari. Bwana Sulle akaja Jumatano, akaokota kimoja kwenye kreti ya kutupa, akakigeuza, akakirudisha. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Bwana Rashidi anakuja Jumatatu. Kama ndiyo hivi, nitampigia simu mwenye mashine aje aichukue."

Upendo alikuwa amebadilisha taa mara tatu. Siku ile alivua buti, akakaa sakafuni kando ya kibanda cha kamera, akaniambia, "Bibi, haioni. Sijui kwa nini haioni."

Nikaenda kwenye kreti ya kutupa nikaanza kuvitoa kimoja kimoja. Pacha. Kilichopasuka kitako. Kilichoguswa na jembe. Pacha tena. Nilihisi mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi, maana nilivitambua vyote. Vilikuwa vitunguu vya Jumamosi. Mashine ilikuwa inaona vizuri kabisa. Inaona kama sisi. Kila tulipokiona cha jikoni kwenye picha, mkono wetu ulienda kwenye chekundu wenyewe, kwa sababu tangu enzi za Theresia kitunguu hicho kinaandikwa na vya kutupa. Na nitasema kweli yote: kile tulichokitamani kwa ajili ya mboga tulikibonyeza chekundu hata kama kilikuwa na kasoro ya kutafuta kwa tochi.

Nikawaita Magdalena na Nasieku nyuma ya ghala, kwenye shimo la mboji.

"Ukisema," Magdalena akaniambia, "tutaitwa wezi. Tutakosa mboga na kazi."

"Koko," Nasieku akasema, ndivyo anavyoniita, bibi kwa Kimaasai, "usiposema tunakosa kazi Jumatatu. Ukisema, labda tunakosa mboga tu."

"Labda!"

"Labda ni kubwa kuliko hakuna."

Magdalena akapiga teke ganda la kitunguu likaingia shimoni. "Haya nenda. Lakini jina langu ulitaje mwisho." Nimelitaja la pili, mwanzoni kabisa mwa maandishi haya. Anisamehe.

Ofisini nilimkuta Bwana Sulle, na Upendo akanifuata nyuma bila buti. Sikukaa.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Tumeifundisha sisi." Nikaeleza yote: marundo matatu, mguu wa kushoto, kanga za Jumamosi.

Upendo ndiye aliyelipuka kwanza. "Bibi! Nimebadilisha taa mara tatu! Ungeniambia!"

"Uliniuliza kizuri na kibaya. Hukuniuliza viko vya aina ngapi."

"Nawe ukajibu!"

"Ndiyo, mwanangu. Nikajibu vibaya. Ndiyo maana nimesimama hapa."

Bwana Sulle alikunja uso. Anafanana na mama yake akikunja uso. "Jambo hili lilianza lini?" akauliza.

"Kwenye meza ya mama yako. Yeye ndiye aliyelianza."

"Mama yangu alichukua vitunguu vya ghala?"

"Wewe ulipokuwa shule ya msingi, mchuzi wa Jumamosi ulikuwa na nini?"

Akafikiri. Nikaona kumbukumbu inamfika usoni kama mvuke wa sufuria. "Vitunguu vyenye mioyo miwili," akasema. "Nilidhani alivinunua hivyo."

"Alivichagua hivyo. Gunia la ghala lisioze njiani, na mtoto wake asile mchuzi mtupu."

Hakunisifu wala hakunifukuza. Alimgeukia Upendo. "Huo mkono unaweza kuweka sehemu tatu?"

"Unaweza kuweka popote nitakapouonyesha," Upendo akasema. "Mimi nilionyeshwa sehemu mbili tu."

Alhamisi asubuhi tukaanza upya, tukiwa na kitufe cha njano katikati. Safari hii niliweka kanuni: picha moja, wanawake wawili wasiokaa meza moja, na wasipokubaliana anaitwa wa tatu. Hapo ndipo tulipojua kwamba hata sisi hatukuwa tunaona sawa. Nasieku alimshinda kila mtu. Alikuwa anaona ukijani kidogo begani mwa kitunguu, pale kilipochomwa na jua, sisi tunaona wekundu mtupu.

"Unaonaje kitu kama hicho?" Magdalena akamuuliza kwa hasira.

"Kwetu kila rangi ya ng'ombe ina jina lake," akajibu. "Ninyi mna ng'ombe mwekundu na ng'ombe mweusi, basi."

Wakagombana mpaka chai. Kila walipogombana Upendo aliandika, na kila alichoandika kikawa kanuni. Jumamosi jioni picha ziliisha, Upendo akailisha mashine upya. Akaniuliza kreti ya njano ikae upande gani wa mkono. Mnajua nilichojibu. Akauonyesha mkono: akaushika kiganja, akauongoza polepole mpaka kushoto, akabonyeza ukumbuke, akaurudisha nyumbani. Kisha akaniambia, "Bibi, rundo la tatu linahitaji jina kwenye skrini." Nikamwambia jina. Akaliandika.

Jambo moja mashine haikuliweza, na mpaka leo hailiwezi: shingo. Kamera haibonyezi. Kwa hiyo tuliweka kiti mwanzoni mwa mkanda, na juu yake mwanamke mwenye dole gumba. Mkikikuta kiti hicho msidhani ni cha kupumzikia.

Jumatatu Bwana Rashidi akaja na magunia mawili yake mwenyewe. Kila kitunguu alikuwa amekitia alama kwa kalamu kitakoni, alama ndogo ambazo kamera haikufundishwa kuzisoma: hiki cha safari, hiki cha kutupa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani. Wanawake walisimama ukutani, wote ishirini. Nasieku alikuwa kwenye kiti cha shingo. Upendo akanipa nafasi ya kuuwasha. Nikaupeleka mkono nyumbani, ukagusa alama zake, ukatulia. Nikasema kimoyomoyo, haya mama, meza yako hiyo. Nikabonyeza.

Ukachagua gunia la kwanza lote. Bwana Rashidi akageuza vitako, anasoma alama zake, anatikisa kichwa kukubali. La pili, hivyo hivyo. Kisha akainama kwenye kreti ya njano akatoa kitunguu kimoja kizuri, cha duara, kinang'aa.

"Hapa imekosea," akasema. "Hiki nimekiandika cha safari. Na kreti hii ya tatu ni ya nini?"

Upendo akanitazama. Nikakichukua, nikakibonyeza shingo: kigumu. Nikakizungusha. Ubavuni palikuwa na mfereji mwembamba sana, kama mkunjo wa shuka iliyopigwa pasi. Dole gumba langu likaujua.

"Naomba kisu," nikasema.

Nikakipasua mbele yake. Mioyo miwili, pacha, imelala mgongo kwa mgongo.

"Hiki ungekipakia," nikamwambia, "kingeoza kabla ya Mombasa, pamoja na majirani zake. Mashine imekiona. Wewe hukukiona."

Alikitazama kile kitunguu, akatazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na akapenda. Magdalena ndiye aliyeanza vigelegele, na ghala zima likaitikia hadi walinzi wakaja mbio wakidhani kuna moto. Upendo alinikumbatia na penseli yake ikanichoma sikio. Bwana Rashidi alipokea mzigo wetu siku ile ile, na anaupokea mpaka leo.

Bwana Sulle hakushangilia. Alikuwa amesimama mbele ya skrini anasoma. Palikuwa na majina matatu, kila moja juu ya rundo lake: Safari. Tupa. Theresia. Alisoma la tatu, akavua kofia. Kisha akachukua karatasi ya meza, ile ya sehemu mbili, akachora mstari wa pili kwa kalamu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo vya jikoni vinaandikwa waziwazi, na Jumamosi kila mwanamke anachukua vyake mchana kweupe, kwenye kreti, haviko tena chini ya meza.

Hakuna aliyeondolewa. Mkono ulipoweza vitunguu, malori yakaongezeka. Baadaye tukauletea maharage, na huko nako tulianza kwa kuuliza viko vya aina ngapi. Mimi niliendelea kuufundisha hadi masika ya mwaka huu nilipostaafu. Upendo ana mashine nyingi mikoani sasa, na ananiambia kila anapofika hufunga kwanza kompyuta, akawauliza wanawake wa meza: onyesheni na lile rundo ambalo halimo kwenye karatasi. Hajawahi kulikosa.

Basi ndivyo ninavyokumbuka. Kama nimekosea siku, au kama mkono ulikuwa na viungo saba nami nimesema sita, au kama Magdalena hakupiga teke ganda bali jiwe, njooni mnisahihishe, nipo nyumbani na maji ya chai hayakosekani. Wale ishirini ambao sikuwataja waje na majina yao, tuyaandike nyuma ya daftari. Ila jina la rundo la tatu msinisahihishe. Liko kwenye skrini, nendeni mkalisome.